Mtoto wa Mwisho

Nampelekea mama sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, na harufu yake imeniamshia wivu wa zamani.

Siku tulipoukimbia mtaa wetu wa Ndosho, nikiwa bado mdogo, risasi zikilia nyuma yetu, mama alimfunga paka wetu mgongoni kwa kitenge, palepale nilipozoea kubebwa mimi. Nilitembea nyuma yake juu ya mawe makali ya volkano, nikiutazama ule mkia unavyoning'inia kwa raha.

Hata wakimbizi wenzetu walicheka. "Eh mama, unabeba paka mu mugongo?"

"Ni mutoto wangu wa mwisho," mama akajibu.

Mtoto wa mwisho! Hicho kilikuwa cheo changu. Nikaketi njiani, nikalia nibebwe.

"Weye uko na miguu ya kunifwata," mama akasema. "Huyu nikimushusha, atarudia nyumba."

Kambini, paka alipewa vichwa vya sambaza kabla sijaonja chochote.

Sasa nimefika. Macho ya mama yamefifia siku hizi. Nabisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Ni nani?"

"Ni mutoto wako wa mwisho, mama."

Anapapasa mapajani, anamgusa paka wake wa sasa.

"Huyu hapa, analala. Weye ni nani?"