Asumini ya Mwatima

Mwaka ule wa 1969, Mcha alikuwa mtu wa vioo. Kila alfajiri, akishasali, hupanda juu ya paa la maabara ya kilimo, akapaka kioo mafuta ya mgando, akakiacha upepo ukipige mpaka kesho yake. Kisha hukitia chini ya darubini, akahesabu chavua, yaani ule unga wa maua, ulionata humo. Mkuu wake, Bwana Shamsi, alimfundisha kwamba kila mti una chavua ya sura yake, na ikizama kwenye tope haiozi. Kwa tope walilochimba msitu wa Jozani waliujua msitu huo ulivyokuwa zama za babu wa babu zao.

Lakini Mcha alikuwa akihesabu kwa ajili ya Sichana, bintiye wa miaka kumi na mmoja, aliyebanwa na pumu, ajue ni chavua gani inayomdhuru. Uani kwao, mtaa wa Malindi, palikuwa na mwasumini alioupanda marehemu mkewe, Mwatima. Kila jioni Sichana alichuma maua yake akatunga kikuba, kile kishada cha kuvaa kifuani, kama mama alivyomfundisha.

"Harufu ile ndiyo inayomkaba," alisema jirani yao, Bi Tabia. "Mwanao anakata roho, nawe unangoja vioo vyako vikwambie?"

Bwana Shamsi alimsihi. "Subiri, Mzee Mcha. Siku saba tu, hesabu itimie."

Siku ya tatu Sichana alibebwa kutoka chuoni alikosoma Kurani, midomo imemgeuka rangi. Mcha alichukua shoka. Alipomaliza kukata aling'oa na mizizi, akaitupa baharini.

Sichana alipoinuka kitandani alisimama uani, akakitazama kile kishimo.

"Baba, wa mama uko wapi?"

"Nshaukata, mwanangu. Upone."

Hakulia. Akaingia ndani. Na pumu ikarudi wiki ile ile.

Siku ya saba hesabu ikatimia. Vioo vilijaa chavua ya mivinje ya pwani. Ya asumini haikuwamo hata chembe.

"Asumini chavua yake inanata," Bwana Shamsi alisema taratibu. "Hungoja mdudu aichukue. Haipeperuki."

Jioni Mcha alifungua kasha, akatoa kanga ya Mwatima, ile aliyokuwa akikusanyia maua, iliyokunjwa tangu msiba. Kesho yake akamchukua Sichana maabara, akaikung'uta kanga juu ya kioo, akamkalisha mbele ya darubini.

"Unaona zile chembe duara za manjano?"

"Naam."

"Ndiyo asumini ya mama yako."

Sichana alitazama kwa muda mrefu, kifua kikipiga mruzi.

"Tukizipanda?"

"Hazioti, mwanangu. Hizi za kutazama tu."

Hakuliondoa jicho. Nyuma yake Mcha alikuwa akiikunja kanga, upindo juu ya upindo, polepole, asimwage hata chembe.