Mwalimu Aliyewapa Namba Watoto wa Watu

Saa sita na nusu mchana, watoto ishirini na wanne wametoka kwenda kula. Darasani amebaki mwanamke wa miaka arobaini na tano, ameketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yamempanda hadi karibu na kifua. Anachonga penseli. Akimaliza kopo moja anavuta jingine, na kila baada ya penseli tatu au nne ananyoosha mgongo na kufumba macho kidogo.

“Nyumbani mtoto akija na penseli butu nilimtoa nje akachonge,” anasema. “Huku mchongaji ni mimi.”

Mumewe na majirani wa zamani wanamwita Mwalimu, nasi tumwite hivyo. Kwa miaka kumi na tisa alifundisha hesabu darasa la tatu, kwenye chumba chenye watoto themanini na wawili. Katika nchi hii ya ugenini cheo chake ni msaidizi wa darasa. Anafuta meza, anafunga kamba za viatu, anawapanga watoto mstari. Mwalimu mwenye darasa ni kijana wa miaka ishirini na saba, na watoto wanamwita kwa jina lake tu, kama wanavyomwita na msaidizi wake. Mwanzoni, anasema, mtoto wa miaka minane akimwita hivyo alikuwa anageuka kuangalia kama kuna mwingine mwenye jina hilo.

Familia iliingia mwaka jana, baada ya wifi yake aliyetangulia siku nyingi kuwatafutia njia. Wanaishi vyumba viwili ghorofa ya nne, lifti mbovu. Mumewe ni fundi umeme, ila kwa sasa anapanga maboksi kwenye ghala la vyakula na zamu yake huanza jioni. Mwalimu hupanda mabasi mawili kurudi, mwendo wa saa moja na dakika kumi, na mara nyingi wanakutana kwenye ngazi, mmoja anapanda, mwingine anashuka. Hapo ndipo ufunguo wa nyumba hubadilisha mkono. Hapo pia ndipo huzungumza mambo ya watoto wao wawili wa kike, mmoja wa miaka kumi na minne na mwingine minane.

Kodi ya nyumba inameza zaidi ya nusu ya mshahara wake, lakini hilo silo lililomnyima usingizi. Aliajiriwa kwa majaribio ya miezi sita. Asipothibitishwa, kibali cha kuishi cha wote wanne kinakufa ndani ya siku sitini. Watoto wameshaanza shule, mdogo ameshaanza hata kuota kwa lugha ya huku.

Mwezi wa tano wa majaribio, ikiwa imebaki wiki chache tu, Mwalimu alikosea.

Kijana mwenye darasa aliugua siku tatu. Daftari za hesabu zilibaki zimerundikwa mezani, hazijasahihishwa. Siku ya kwanza Mwalimu alizipita. Siku ya pili alizitia kwenye mfuko akaenda nazo nyumbani.

“Daftari likilala bila kusahihishwa, mimi silali,” anaeleza. “Sikufikiria kabisa kama naiba kitu. Niliona nasaidia.”

Jioni ile, baada ya chakula, alikaa mezani na kalamu nyekundu. Akaweka vema, akaweka makosa, akaandika alama juu ya kumi. Anakiri kwamba alifurahi kuliko siku yoyote tangu wafike. Kisha akafanya alichokifanya kila mwisho wa wiki kwa miaka kumi na tisa: akawapanga, wa kwanza hadi wa ishirini na nne, kila mtoto na namba yake juu ya jalada. Orodha nzima akaiandika kwenye karatasi safi.

Binti mkubwa alisimama nyuma yake akasoma.

“Mama, huku hawawapangi watoto hivyo.”

“Sasa watajuaje wamefika wapi?”

“Hawaambiwi mbele za watu, Mama. Kila mtu anaambiwa lake, pembeni.”

Mwalimu alimwambia akalale, kesho shule. Asubuhi akaibandika orodha kando ya mlango wa darasa.

Kabla ya saa nne mtoto wa ishirini na nne alikuwa amejificha chini ya rafu ya makoti, hataki kutoka. Mchana mama yake akafika, akapiga picha ukuta, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu. Jioni hiyo Mwalimu aliambiwa makosa yake matatu: kutoa daftari nje ya shule, kufanya kazi isiyo yake, na kuwatangaza watoto wa watu mbele ya wenzao. Ijumaa itatoka barua ya uamuzi.

Mumewe alipopewa habari kwenye ngazi, alikaa chini pale pale, mfuko wa chakula chake cha kazini mapajani. Hakumlaumu. Aliuliza tu kama daftari zote zilirudi salama, akainuka akaenda kuwahi zamu. Tangu hapo hadi Ijumaa, anasema Mwalimu, nyumba nzima ilitembea kwa vidole. Mabegi ya safari yalikuwa juu ya kabati na hakuna aliyeyataja, ila kila mtu alikuwa anayaangalia. Alfajiri alipiga magoti kama kawaida yake, na maneno yakamwishia. Akakaa hivyo hivyo mbele za Mungu mpaka muda wa basi.

Kijana alirudi kazini Alhamisi. Alizipitia daftari zote, moja moja, kisha akamwita. Mwalimu alijiandaa kusemwa. Badala yake kijana akamwuliza kwa nini watoto sita, akiwemo yule wa mwisho, wamewekewa duara dogo mahali pale pale.

Mwalimu akamwonyesha. Wote sita wanajua kutoa, lakini wakifika penye kuchukua kumi kwenye tarakimu ya jirani, wanasahau kuipunguza ya jirani. Si wazito. Ni hatua moja tu. Kijana akazifungua tena zote sita, akasema hakuwa ameona. Kisha akamwambia kwa upole kwamba hilo angeweza kumnong’oneza yeye bila kumliza mtoto yeyote.

Siku hiyo hiyo aliomba kuonana na mama wa yule mtoto. Alikuwa amefanya mazoezi ya kuomba radhi na binti yake usiku uliotangulia, sentensi kwa sentensi. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, mikono amekunja, halafu akamwuliza kama yeye mwenyewe amewahi kuwa wa mwisho.

“Nilimwambia kwamba shuleni sijawahi,” Mwalimu anasimulia. “Nikamwambia nimekuwa wa mwisho hapa kwenu. Kwenye basi, dukani, ofisini, wote wananipita. Na najua kunavyouma, ndiyo maana naona haya zaidi.”

Mama yule hakumkumbatia wala hakutabasamu. Alisema asante, akachukua mtoto wake akaenda.

Ijumaa barua ikatoka. Hakuthibitishwa, hakufukuzwa. Majaribio yameongezwa miezi sita na kibali kitasogezwa, kwa sharti moja: ajiunge na kozi ya ualimu ya jioni, siku mbili kwa wiki, hadi apate cheti cha huku. Kozi nzima ni miaka mitatu. Ndipo atakaporuhusiwa kushika daftari la mtoto.

“Kwa hiyo Mwalimu amekariri darasa,” mumewe alimwambia kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza wiki ile wakacheka, wakiwa wameegemea ukuta, hadi jirani akafungua mlango kuangalia kuna nini.

Penseli zimekwisha. Sauti za watoto zinasikika koridoni. Mwalimu anainuka kwa kushika meza, anafagilia maganda ya penseli kwenye kiganja na kuyamwaga kwenye pipa. Kozi inaanza Jumatatu. Siku za masomo atafika nyumbani watoto wameshakula na mumewe ameshaondoka, kwa hiyo ufunguo atabaki nao binti mkubwa. Akimaliza kozi, Mwalimu atakuwa na miaka arobaini na minane.

Nilimwuliza anamwomba nini Mungu kwa hiyo miaka mitatu.

“Zamani niliomba nirudi ubaoni upesi. Siku hizi naomba nisisinzie darasani tu. Nimewagongea dawati watoto wengi mno waliosinzia, na wala sikumwuliza hata mmoja alikuwa ameamka saa ngapi.”