Siku Chuo Kilipocheza na Skuli

Wajukuu huniuliza nilisoma wapi, nami huwajibu haraka haraka ili wasirudie swali, kwa sababu jibu lenyewe sina. Nilisoma chuo, nikasoma skuli. Siku niliyotakiwa kusema mimi ni wa wapi nilikuwa na gongo la mchezo mkononi, nikakosea. Au sikukosea. Mpaka leo sielewi, na mtu akinibana sana juu ya jambo hili mimi hukasirika.

Rumonge ya wakati wa Wadachi, Wajerumani, ilikuwa ndogo. Nyumba za Waswahili zilikuwa karibu na ziwa, nyuma yake michikichi, na nyuma ya michikichi vilima vya Warundi, walioshuka sokoni na mihogo na maharage wakapanda tena na ndagala, dagaa wa ziwani, na mawese. Chuo cha Kurani kilikuwa barazani kwa mwalimu wetu, mzee mwembamba aliyeshona kofia huku akitusikiliza tukisoma. Ukikosea neno, sindano haikusimama. Alilisahihisha bila kuinua macho. Kilikuwa chuo chake mwenyewe, hakuna serikali iliyompa kitu. Siku ya Alhamisi wazazi walimletea walichojaliwa, ndagala wakavu, mkungu wa ndizi, kibuyu cha mawese. Baba aliponipeleka siku ya kwanza alimwambia maneno ambayo kila baba aliyasema: nyama yako, mifupa yangu. Maana yake mwalimu anichape atakavyo, mradi abakize mifupa. Nilikuwa mdogo sana na niliyaamini maneno hayo kama yalivyo.

Skuli ilikuja baadaye. Serikali ilimleta mwalimu kijana kutoka pwani, mwenye tarbushi nyekundu na viatu vya ngozi, ambavyo alivivua kila alipovuka mchanga na kuvivaa tena mlangoni. Alitufundisha herufi za Kizungu na hesabu, alasiri, kwa kuwa asubuhi tulikuwa chuoni. Kiswahili chetu kilimchekesha. Alisema kina matope ya ziwa ndani yake. Tulimchukia kidogo na tulimpenda sana, maana kabla yake hatukuwahi kumwona mtu mzima akikimbia bila kufukuzwa.

Baba alinitia skuli kwa kuwa alitaka niwe karani. Mama alikubali kwa sharti moja, nihitimu chuo kwanza. Nilibakiza juzuu tatu. Kwa mama hitima yangu haikuwa jambo dogo. Yeye alizaliwa kilimani, upande wa Bugarama, akasilimu alipoolewa, na wanawake wa mtaani hawakumwacha asahau. Kwenye shughuli zao alipewa kazi ya kuosha vyungu. Siku mwanawe angevikwa kanzu na kutembezwa mtaa mzima kwa kasida, mlango hadi mlango, yeye angeketi mkekani pamoja nao, mbele, na mwingine angeosha vyungu. Hakunificha jambo hilo. Alinihesabia juzuu kama mwingine anavyohesabu siku za kujifungua.

Jambo moja lazima nilieleze, maana ndilo lililotuponza. Kila mmoja wetu alikuwa na majina mawili, jina la dini na jina la nyumbani, la Kirundi, ambalo bibi alilitumia kukuita ule. Skuli ilipofunguliwa, wazee wetu waliona haifai jina la dini kuandikwa katika daftari la Wadachi. Nani ajuaye daftari lile linapelekwa wapi? Basi skuli tukatoa majina ya nyumbani, na chuoni tukabaki na yale ya dini. Hapakuwa na hila. Kwetu majina mawili hayafanyi watoto wawili.

Na magongo tulicheza tangu hatujajua kusoma chochote. Gongo lilikuwa upongoo, uti wa kuti la mchikichi, uliochongwa ukabaki na ile kona yake ya chini, na mpira ulikuwa fundo la mzizi lililozungushiwa kamba. Tulichezea mchangani, na aliyeutupa mpira ziwani aliufuata mwenyewe, mamba asimwone. Mwalimu wa skuli alituongezea mistari, firimbi na nafasi za kusimama. Kabla ya hapo sote tuliufuata mpira kwa pamoja, kundi zima.

Siku moja akatuambia kwamba bwana mkubwa wa Wadachi kutoka Usumbura anakuja.

"Anauliza kwa nini skuli ya serikali inafundisha alasiri, jua kali, na asubuhi nzima anayo mzee mshona kofia. Nami nimemwambia watoto wangu ni hodari kuliko wa chuo, hata kwa magongo. Anataka kuona. Tukishinda, asubuhi zitakuwa zetu."

"Na chuo kikishinda?" mmoja akauliza.

"Zitabaki zao," akasema, akacheka, maana hilo halikumwingia akilini.

Mimi nilielewa vizuri. Asubuhi zikienda, chuo kimekwisha, na juzuu zangu tatu zimekwisha nazo. Jioni nikamweleza mama. Akaacha kutwanga.

"Wewe utachezea chuo, sindiyo?"

"Ego, mama," nikasema, ndiyo ya Kirundi.

Kesho yake mwalimu wa skuli akaniambia nitasimama mbele kabisa, karibu na lango, kwa sababu hakuna anayepiga kama mimi. Nikamwambia ndiyo, mwalimu. Sikuwa mwongo. Nilikuwa mtoto aliyefundishwa kwamba mkubwa akisema jambo, jibu lake ni ndiyo. Baba angesema njia mbili zilimshinda fisi, lakini baba alikuwa ameshuka Kabonga kununua samaki, na fisi alibaki peke yake.

Mwalimu wetu wa chuo tulimpelekea habari hiyo kwa hofu. Alikata uzi kwa meno.

"Muende mucheze," akasema. "Iko mchezo tu."

Siku ikafika. Bwana mkubwa alikaa kwenye kiti alicholetewa na askari wake, miguu mchangani, uso mwekundu kwa jua. Alijua Kiswahili cha amri. Akasema chuo wasimame kulia, skuli kushoto, na kila mwalimu awaite wake wanane.

Wa skuli alianza, daftari mkononi, na kila aliyetajwa alikwenda kushoto. Mimi nilikuwa wa kwanza. Kisha mwalimu wa chuo akaanza kuita wake, polepole, bila karatasi. Akaniita. Nikasema naam, nikaenda kulia, maana mwalimu akikuita hukai kufikiri. Akamwita wa pili, naye akavuka. Wa tatu akavuka. Alipomaliza, upande wa skuli walikuwa wamebaki wawili, wakituangalia kama mbuzi waliosahauliwa malishoni.

Mwalimu wa skuli akapandwa na hasira, akatuita tena. Tukarudi kushoto. Mzee, kwa upole ule ule, akadhani tumekosea njia, akatuita tena. Tukarudi kulia. Watu walianza kucheka. Mimi sikucheka. Sikujua nikisimama wapi nitakuwa sijamtii nani.

Bwana mkubwa akasimama. Akaninyooshea fimbo.

"Wewe! Shule yako ipi?"

Nikasema, "Zote mbili, bwana."

"Jina?"

Nikataja yote mawili. Nilidhani namsaidia. Akachukua daftari, akapitisha kidole juu ya majina, akatutazama mmoja mmoja, na hapo nadhani alielewa kwamba shule mbili alizoandikiwa, kila moja na majina yake, zilikuwa watoto wale wale. Alimtazama mwalimu wa skuli kwa muda mrefu. Nilingoja aseme mchezo umekwisha. Mtu mwenye akili angesema hivyo, shule haiwezi kujishinda yenyewe. Lakini alikuwa amesafiri siku nzima ziwani na alitaka kuona mchezo. Akatupanga wakubwa kumi na sita mstari mmoja, akahesabu kwa fimbo: huyu chuo, huyu skuli, huyu chuo, huyu skuli. Fimbo ilipofika kwangu ilisema skuli.

Wa skuli tulifungwa ukindu kichwani ili tujulikane. Nikamtafuta mama. Alikuwa mbali, na wanawake, upande wa waanika ndagala. Nilitaka kumwambia kwamba si mimi niliyechagua. Lakini firimbi ikalia.

Sasa hapa ndipo ninaposhindwa kujielewa. Nilipanga kucheza vibaya. Naapa nilipanga. Mara ya kwanza mpira ulipokuja niliuacha upite, na rafiki yangu, aliyekuwa chuo kwa siku ile, akaufikisha mbali. Mwalimu wa skuli alipiga kelele hata tarbushi ikaanguka. Chuo wakafunga, skuli wakafunga. Ikawa bao moja kwa bao moja, jua likashuka, bwana mkubwa akaanza kutazama mashua yake. Sare ilitosha! Sare ingeacha mambo yalivyo, au nilijiambia hivyo. Nilikuwa nimesimama mahali pangu karibu na lango, nikiomba dua, ukweli, dua ya chuoni, mpira usije.

Ukaja. Ulitoka kwa mmoja wetu upande wa ziwa, ukateleza juu ya mchanga mbichi, ukatulia mbele ya gongo langu, na mlinda lango alikuwa ameanguka. Sikufikiri kitu. Mikono yangu ilijua kazi moja tu. Nikapiga.

Kitu cha kwanza nilichosikia ni kigelegele, kimoja tu, kikali, kutoka upande wa ndagala. Nilikijua. Mama alikuwa ameona mwanawe amefunga, na hilo lilimtosha. Ukindu kichwani hakuuelewa. Wanawake wenzake wakamwitikia, wote, hata wale wa mikekani mbele. Nikatazama upande wa mwalimu wetu wa chuo. Naye alikuwa anapiga makofi. Anapiga makofi na kutabasamu, kama mtu aliyeshinda. Nimeishi na makofi yale miaka yote. Sijui kama hakuelewa nilichomfanyia, au alielewa na bado akafurahi kwa kuwa mpigaji ni mtoto wake. Kumwuliza sikuthubutu, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Bwana mkubwa akasema maneno mawili matatu kwa mwalimu wa skuli, akapanda mashua. Asubuhi zikawa za skuli, kuanzia kesho yake. Mama hakuyasikia hayo. Alikuwa amekwisha kimbia nyumbani na jirani wawili, na nilipofika walikuwa wamechinjisha kuku. Wale wanawake walikaa uani kwetu, mara ya kwanza, wakamwita mama wa shujaa. Aliniwekea firigisi, ambayo kwetu ni ya baba. Nilikula. Nilitaka kusema, kila tonge nilitaka kusema, na nilimwona amekaa mkekani katikati yao, akicheka na mkono mdomoni, nikameza.

Alfajiri akaniamsha kama siku zote. Maji ya kutawadha tayari, kofia yangu ya chuo juu ya goti lake. Nikamwambia sina chuo leo. Nikamwambia asubuhi zimekuwa za skuli, leo na siku zote.

Akaigeuza kofia mikononi. Niliona anajaribu kuliweka jambo hilo sawasawa kichwani, kama mimi ninavyojaribu hadi leo.

"Na jana alishinda nani?" akauliza.

"Miye, mama," nikasema.