Mkuu wa Kaya Kwenye Pagala la Manundu

Mume wake alipofariki, mashemeji zake Chausiku huko Kwamsisi, Handeni, walimwambia shamba ni la ukoo, na kwa kuwa hakuzaa, ashike njia. Alibishana nao hadi sauti ikamkauka. Mwisho akafunga khanga zake na sufuria moja, akaja Korogwe.

Alipata kibarua cha kuosha vyombo kwa mama ntilie, lakini kodi ya chumba ilimshinda. Akahamia kwenye pagala moja Manundu, nyumba iliyosimama kuta tupu bila bati. Ndani alimkuta mzee Fransisko, mchukuzi wa mizigo aliyeshuka kutoka milima ya Lushoto, amejibanza chumba cha uani. Wakatundika turubai, wakawa wanapika pamoja.

Asubuhi ya sensa alipita karani, binti aitwaye Glory, kishikwambi mkononi, akiongozwa na Elisha, mwenyekiti wa mtaa. Chausiku alikuwa mlangoni anakoroga uji. Elisha akamwambia karani wasonge mbele, hapo hapakai mtu.

"Mwenyekiti, mimi si mtu?" Chausiku akauliza.

Elisha akasema kila mtu ana kwao. Mama huyu kwao Handeni, mzee kwao Lushoto. Wakahesabiwe huko, wasije wakautia mtaa wake aibu.

"Huko walinifukuza. Jana nimelala hapa, nihesabiwe hapa. Na sijaomba cha mtu."

Glory alisita. Alieleza kwamba wasio na makazi ni waliolala barazani, sokoni na stendi, nao walikwisha kuhesabiwa usiku. Hapa kuta zipo, paa hakuna. Hakujua awaweke wapi. Akauliza nani anapika, na nani anakula.

"Tunakula chungu kimoja," mzee Fransisko akajibu kutoka ndani. "Mkuu wa kaya ni huyu mama."

Elisha akacheka kwa kebehi. Chausiku akasimama katikati ya mlango, mwiko mkononi, akasema karani haondoki bila kuwaandika. Glory akaketi juu ya tofali, akaanza kuuliza umri. Alipofika kwenye paa, akauliza limeezekwa kwa kitu gani.

"Andika turubai, mwanangu."

Miezi michache baadaye mwenye nyumba alileta mafundi, Chausiku na mzee wakatolewa. Wakahamia pagala jingine mtaa uleule. Kabla hata ya kufagia, Chausiku alikwenda ofisi ya mtaa, akamsalimu Elisha mbele ya watu, akamwelekeza wanapoishi sasa, awaandike kwenye daftari la wakazi. Elisha hakuandika kitu. Chausiku akavuta benchi, akaketi kungoja.