Kichwa Kilichonipeleka Kisumu

Sikwenda Kisumu kutembea. Nilikwenda kwa sababu kichwa kilinipiga mara tatu ndani ya siku tisa, na mara ya tatu nilijua nakufa. Kichwa kuuma nakujua mimi. Nakaanga mgongo wazi hapa Kisian kando ya barabara ya Busia, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki minofu ikishatolewa, na moshi na mafuta ya siku nzima hayamwachi mtu salama. Lakini hiki kilikuwa kingine. Kilikuja ghafla, na kabla sijavuta pumzi mbili kilikuwa kimefika mwisho wa kuuma, kama mtu anayenipasulia kuni kisogoni. Mara ya kwanza nilikuwa nainua sufuria. Ya pili nakohoa. Ya tatu nacheka. Nacheka tu, jamani!

Zahanati walinipa dawa ya malaria, nikarudi natapika, wakanipa tena. Wamama wa kanisani wakasema ni mawazo. Binti yangu Awuor, fundi wa nguo asiye na subira hata kidogo, akasema, "Mama, mawazo hayatapishi mtu hivi. Kesho tunaenda hospitali kubwa."

Alhamisi asubuhi tukatoka na tuktuk ya jirani, ambaye aliombwa aende polepole na akaenda polepole kama anabeba mayai. Ziwa lilikuwa kulia kwetu, limejaa magugu maji, milima kushoto. Sikutazama chochote. Jua lilinichoma macho, nikajifunika leso usoni njia nzima.

Kondele tulisimama Awuor anunue maji. Honi za boda boda, muziki wa maduka, watu kuitana. Nikamwambia turudi, nitakufa nyumbani kwangu kwa heshima.

"Kunywa maji," akasema.

Saa nane mchana, baada ya benchi moja na benchi lingine, tukamwona daktari, msichana wa umri wa Awuor. Nilimdharau kidogo, nasema ukweli. Lakini ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza, "Mama, kilianza polepole au ghafla?"

"Ghafla. Hakikunipa hata nafasi ya kukaa."

Akaacha kuandika. Kichwa cha namna hiyo, akasema, kwanza tunaogopa mshipa umepasuka ndani. Nikapigwa picha. Damu haikuonekana, nami nikasimama kuchukua kikapu changu.

"Bado, Mama. Hiyo imenionyesha damu hakuna. Sasa nataka kuona mishipa yenyewe. Utadungwa dawa ya rangi, upigwe picha nyingine kesho asubuhi. Leo ulale hapa."

"Silali hapa."

"Kuna dawa yoyote unatumia?"

"Situmii dawa mimi," nikajibu, tena kwa kujivuna.

Jioni tulifika Dunga, hapo hapo Kisumu, tulale kwa Anyango, mtoto wa mama yangu mdogo, anayebanika samaki kwa moshi nyuma ya nyumba. Alinipokea kwa kelele, akaniona, akakimbilia kunishika mkono. Moshi wake uliniziba pua mara moja. Nikafanya ninavyofanya siku zote, nikajichotea maji ya moto, nikaingia bafuni. Sikumaliza hata kumwaga kopo la pili. Kichwa kikapiga. Nilikaa chini kwenye saruji, nikawa nataja majina ya watoto wangu mmoja mmoja, maana niliona sitawaona tena. Anyango alinivalisha kama mtoto, wakanirudisha hospitali yeye na Awuor kabla giza halijaingia vizuri.

Daktari alikuwa hajaondoka. Hakunigombeza. Aliuliza, "Alifanya nini kabla ya kichwa kuanza?"

"Alioga maji moto," akasema Anyango. "Na kabla ya kuoga alijitilia ile dawa ya pua."

"Hiyo si dawa!" nikasema. "Ni ya kufungua pua tu."

Daktari akavuta kiti. "Unaitumia tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Moshi unaniziba."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Pua ikiziba."

"Inaziba mara ngapi, Mama?"

Nikatazama ukuta. "Nane. Siku nyingine kumi."

Aibu iliyonishika, sijui niiseme vipi. Nilidhani dawa ni kitu unachomeza au unachodungwa.

Ijumaa asubuhi picha ya mishipa ikatoka. Daktari alituonyesha: mishipa ya ubongo wangu imebanwa hapa, imepanuka pale, imebanwa tena, kama shanga kwenye uzi. Uvimbe wa kupasuliwa haukuwepo. Yale matone, akasema, hufungua pua kwa kubana mishipa yake, na kwa watu wengine hubana hata ya kichwani.

"Kwa hiyo umeshajua," akasema Awuor.

"Nadhani. Nitakuwa na uhakika mishipa ikifunguka. Miezi mitatu, picha nyingine. Isipofunguka, nimekosea, na tutaanza upya kutafuta."

Walinilaza siku tano. Nikarudi Kisian na vidonge vya kulegeza mishipa na orodha ya makatazo: matone basi, maji ya moto basi, kuinua mizigo basi, kulia kwa nguvu basi. Mkono ukilegea au macho yakififia, niende mbio. Miezi ile ilinichosha kuliko ugonjwa. Kichwa kilipiga mara mbili tena, kisha kikaacha, lakini mimi sikuacha kukingoja. Nilipumulia mdomo. Mjomba wangu alipozikwa nilikaa kimya kwenye kiti huku wanawake wenzangu wakiomboleza, na wakanisema vibaya. Kila asubuhi nilijiuliza kama daktari alikosea.

Miezi mitatu ilipotimia tulirudi Kisumu. Nilichojifunza nakwambia sasa hivi, wewe unayekaa kwenye moshi kama mimi: daktari akiuliza dawa, mtajie kila kitu unachotia mwilini, hata kile unachoona si kitu.

Daktari aliweka picha mbili pamoja, ya zamani na mpya, akazitazama kwa muda mrefu mno. Kisha akasema, "Imefunguka yote, Mama."

Nilitoka hadi kwenye korido nikalia. Nililia kwa sauti yote niliyokuwa nayo, watu wa kwenye mabenchi wakadhani nimefiwa. Awuor akaja mbio, akanishika mdomo kwa kiganja. "Mama, nyamaza, kichwa!"

Nikautoa mkono wake.

"Wacha nilie," nikamwambia. "Hakiumi."