Minyaa Niliyopanda Magharibi

Hapana, sikuung'oa kwa wema. Naona unavyonitazama, Zuhura, swali liko mdomoni, basi nakujibu kabla hujaliuliza: ule ua wa minyaa niliung'oa kwa sababu nilitishika. Usije ukaenda shuleni kwenu ukasema bibi yangu Mwajuma alikuwa mtu mwema tangu utoto. Nilikuwa na kiburi na pua kubwa, na hiyo pua umeirithi wewe.

Lete tena hiyo ramani ya homuweki, isogeze hapa, ondoa hizo kripsi zako za viazi. Mimi sisomi, lakini rangi naziona. Huku mashariki umepaka nyekundu, ndiko walikoanzia hao Wamarekani. Mishale inakwenda magharibi, magharibi, mpaka bahari ya pili. Na huku katikati kote umeacha nyeupe. Nikakuuliza, huku anakaa nani? Ukanijibu kwa hicho Kiingereza chenu cha mtaa huu wa Sparkbrook, cha puani, kwamba hakuna mtu, Bibi, ni patupu tu. Ukaendelea kutafuna.

Mwanangu, hilo neno patupu limewahi kutoka kwenye mdomo wangu huu huu, nikiwa na umri kama wako. Siku yenyewe naiona kama ya jana.

Kwetu tulikuwa watu wa mlimani. Akaja mzungu mmoja akayazungushia seng'enge mashamba yetu, akapanda kahawa, sisi tukabaki na ukingo wa korongo ambao hata mbuzi anaogopa kuteleza. Baba akasema tushukeni magharibi, bondeni kuna nchi. Tukashuka masika, sisi na majirani zetu wote. Weee! Majani yanakufika kifuani, hakuna nyumba, hakuna moshi, hakuna nyayo. Baba akasimama mikono kiunoni, na kile kikohozi chake: "Mungu, hm, ametuwekea." Mimi nikadakia, "Tena patupu, baba!"

Kazi yangu ikawa ua. Unakata vijiti vya minyaa, unavichomeka ardhini vimesongamana, vinashika vyenyewe. Kuna utomvu mweupe ndani, ukikuingia jichoni unaweza kupofuka, ndiyo maana mnyama wala mtu hausogelei. Kila tukimaliza kipande, baba ananiambia sogeza, nami nasogeza tena magharibi. Nilikuwa najiona malkia.

Kiangazi kilipoingia, asubuhi moja nasikia kengele. Ng'ombe, wengi, na watu, na punda wamebeba nyumba nzima mgongoni. Wafugaji. Kumbe kila masika wanahamia juu, wanayaacha majani ya pale yaote, ili kiangazi wapate pa kulishia. Na njia yao ya kwendea maji nimeiziba mimi na minyaa yangu. Ng'ombe wakapita hivyo hivyo. Nyuma yao katoto ka kike, miaka sita hivi, kanasukuma ndama. Kijiti kikakatika, utomvu ukamrukia jicho la kulia.

Unanijua, kila sauti naiga. Kile kilio sikiigi.

Wakamwosha kwa maziwa, wakamfunga kitambaa. Jicho limevimba kama yai. Bibi yake ndiye aliyetujia, mrefu, mkavu, sauti nzito kama ya mwanamume: "Nani ameweka hii miti?"

Baba akanisukuma mbele. Ndiyo, baba yangu, shujaa wa mlimani.

"Mimi, bibi," nikasema. "Tulikuta patupu."

"Patupu? Wewe binti, ukienda kisimani, nyumba yako inakuwa ya mwingine? Umekuta majani marefu kwa sababu mimi niliyaacha. Ulidhani yameachwa na nani?"



Ikawa mikutano. Siku sita! Baba: "Sisi nasi, hm, tumefukuzwa kwetu." Wafugaji: "Basi mfuateni aliyewafukuza!" Mwenyekiti wetu na sauti yake ya kuku mwenye mafua: "Ndugu zangu, tuelewane, tuelewane," na hakuna anayeelewana. Siku ya tano vijana wao wananoa mikuki, wa kwetu mapanga. Mimi nilikuwa na langu moja tu: lile jicho. Kila asubuhi napeleka uji kambini kwao, nakaa pembeni. Yule bibi hanikaribishi, hanifukuzi.

Siku ya sita mkutano ukamalizwa na neno moja la mama yangu. Nitakwambia, usinikimbize. Nilipolisikia nilichukua panga nikaanza kung'oa, baba akaja nyuma yangu naye anang'oa, hata kikohozi kimekatika. Siku ya saba kitambaa kikafunguliwa. Katoto kakapepesa, kakanitazama, kakasema kitu kwa lugha yao, kambi nzima ikaangua kicheko. Yule bibi akanitafsiria: "Anasema anakuona. Anasema una pua kubwa."

Nikacheka huku nalia. Mpaka leo mtu akinitania pua, moyo wangu unatulia.

Tukalima upande wetu, wao wakapita na ng'ombe wao, mbolea wakatuachia. Sasa hao wa ramani yako, si umenisomea mwenyewe? Wenyeji walikuwa wakiwafuata nyati, wanahama na kurudi. Wengine walifukuzwa mashariki wakatupwa juu ya wenzao wa magharibi. Na hao wenye mikokoteni, wengine walikimbia njaa kwao, kama baba yangu. Nyati wakaisha, watu wakafungiwa kwenye vipande vya ardhi. Kule ua haukung'olewa.

Basi mwanangu, ukikuta mahali pazuri hapana mtu, kabla hujasema patupu, uliza ni nani amepaacha. Mama yako akienda shifti kule anakotunza wazee, kitanda chake kinakuwa cha mpangaji wa juu? Hata ukiwa umefukuzwa, hata ukiwa na shida ya kweli, uliza kwanza. Chukua hizo rangi, zimejaa boksi zima. Tafuta majina ya watu wa hapo peupe, uwaandike mmoja mmoja.

Mungu akupe pa kukaa pasipomliza mtu. Akulindie macho yako yote mawili, na pua pia, maana ni mali yangu.

Haya, neno la mama. Mkutanoni hakuwahi kufungua mdomo, alikaa pembeni anapepeta maharage. Siku hiyo akaweka ungo chini. Akautazama ua, akamtazama yule mtoto na kitambaa chake, akamgeukia baba, akasema taratibu kama mtu anayeomba chumvi:

"Baba Mwajuma, sasa yule mzungu wa kahawa ni wewe."