Fundi Bomba na Punje Kumi na Moja za Mama Yake

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa. Fundi bomba amesimama kwenye ngazi nyuma ya nyumba yake, sikio kalibandika kwenye tangi jeusi la plastiki kama mkunga anayesikiliza tumbo. Mtaa huu hupata maji mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, na saa nne yanakatika.

"Yamefika?" anauliza mama yake, aliyeketi chini kwenye kigoda.

"Bado, mama. Bomba linakohoa tu."

"Likohoe. Basi langu ni saa saba."

Mama huyo ana miaka sabini na miwili. Mchana wa leo anatakiwa kuvuka mpaka, akaishi moja kwa moja na binti yake mkubwa katika nchi jirani. Binti mdogo, huyu wa kwenye ngazi, hataki kabisa. Ila mama ameshatoa hukumu, na kinachoweza kuitengua ni hayo maji.

Binti huyu majirani wanamwita Spana. Ana miaka thelathini na minane, watoto wawili shuleni, na viganja vigumu kama soli. Kazi alijifunzia huko huko nchi jirani, kwa mkandarasi wa maghorofa, miaka sita.

"Kule si kubaya, nisiseme uongo," anasema. "Mshahara tarehe moja, maji usiku na mchana, umeme haukatiki. Lakini mgeni hapewi cheti cha ufundi. Miaka sita nilikuwa msaidizi, nawafundisha vijana, kesho wao ndio wananituma chai. Huku kipato ni cha kubahatisha. Wiki nzuri napata kazi nne, wiki mbaya hata moja sipati. Ila huku nina jina."

Dada yake alibaki kule, anauza vitambaa dukani. Baba yao alipofariki mwaka jana, na mama akaanguka jikoni akiwa peke yake, kila binti alimtaka kwake. Walibishana kwenye simu mpaka mama akachoka.

"Mwezi kwake, mwezi kwako," akasema. "Kisha nitawaambia wapi kuna maisha."

Kila mmoja akapamba kwake. Dada alinunua godoro jipya. Spana alipaka chumba rangi na kuwakataza wanawe kelele. Wasichojua ni kwamba mama alikuwa na kopo la maziwa na punje za mahindi. Kila alipolazimika kusema "naomba" au "nisaidie," alitumbukiza punje moja. Jioni anazihesabu, kisha anazirudisha mfukoni.

"Maisha mazuri ni yapi?" anauliza mama huyo, kopo magotini. "Wengine watakwambia lami, wengine nyama. Mimi nimelea watoto, nimezika mume. Sitaki kuwa mtu wa kuomba omba ndani ya nyumba ya mwanangu, hata kama anaitikia kwa kucheka."

Wiki mbili zilizopita alisoma matokeo mezani. Kwa dada, punje tano kwa siku. Kwa Spana, kumi na moja. Akaamua: anahamia kwa dada.

"Nilihisi nimepigwa kofi," anakumbuka Spana. "Nikamwambia, mama, kwangu unapendwa! Akasema, kwani nimehesabu upendo?"

Alipotulia akauliza punje zilikuwa za nini. Nane zilikuwa za maji. Naomba unitekee pipani. Naomba uninyanyulie ndoo. Naomba ya kuoga. Mwanamke aliyetandaza mabomba kwenye nyumba za nusu ya mtaa, kwake alikuwa na pipa na kata! Kinyozi hajinyoi.

"Hapo nikacheka," anasema. "Nikamwambia, mama, hizo nane ni kazi yangu. Nipe wiki mbili."

Kila jioni baada ya kazi alichimba, akakata, akagundisha. Jukwaa la tangi alichomelewa na jirani, Spana akamlipa kwa kumzibulia choo. Koki tatu, jikoni, bafuni na uani, zote usawa wa kiuno cha mama.

Saa moja na robo tangi linanguruma. Spana anashuka ngazi mbio, kisha anajizuia asimtangulie mama. Mama anainuka, anashika ukuta, anaingia jikoni. Anafungua koki. Inatema hewa, inatema tope kidogo, halafu maji yanashika njia. Anajaza birika, anabandika jikoni, anarudi kukaa. Hajamwomba mtu kitu.

Chai inapoiva anasema, "Mpigie dada yako."

"Mdogo wangu," dada anawaka kwenye simu, "usinilaghaie mama kwa koki! Huku daktari ana miadi. Huko foleni ya zahanati inaanza alfajiri, na dawa zake za presha zinakwisha wiki ya pili ya mwezi."

"Hapo umenipata, dada. Sibishi."

Mama anachukua simu. "Dawa nitafuata kwako kila miezi mitatu, na wiki mbili nitakaa nikupe umbea wote. Kuishi, naishi hapa; punje zimebaki tatu."

"Kwani kwangu umekosa nini, mama?"

"Mlango, mwanangu. Ghorofa ya tano, na mlango wa chini unafunguliwa kwa namba zinazobadilishwa kila mwezi. Punje zako nne kati ya tano ni mlango. Nifungulieni nitoke, nifungulieni niingie. Nawe umepanga, huwezi kuung'oa."

Dada anacheka. "Haya. Mwambie huyo Spana ana bahati."

"Bahati gani, na mgongo unaniuma!" anapayuka mdogo mtu.

Wazee watatu mtaani tayari wameagiza koki za usawa wa kiuno. Lakini neno la dada kuhusu dawa halijamtoka Spana kichwani. Jumatatu, yeye na majirani tisa wenye wazazi wa presha wanakwenda kwa mganga mkuu wa zahanati. Wanataka siku maalumu ya wagonjwa hao, na dawa ziagizwe kabla hazijaisha.

"Foleni hailegezwi kwa spana," anasema. "Lakini watu kumi wakisimama mlangoni, ataona aibu."

"Kumi na mmoja," mama anamrekebisha. "Nami naenda."

"Wewe, mama? Si utatia punje koponi?"

"Hiyo haiingii," anajibu mama, akinywa chai yake. "Hiyo si kuomba. Hiyo ni kudai."